Uzio wa Migongo Miwili

Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, fundi wa uzio alishusha nguzo kumi na tatu za zege kwenye nyasi, akahesabu paneli zake za mbao mara mbili, kisha akatoa mfukoni uzi wa buluu uliozungushwa kwenye kijiti. Alikuwa nao mwaka wa tisa uzi huo. Alifunga ncha moja kwenye msumari wa ukuta wa barabarani, akaenda nao kinyumenyume mpaka ukuta wa nyuma, akauvuta hadi ukawa unalia ukiguswa kwa kidole. Ulipita juu ya nyasi, ukapita juu ya kitanda cha maua, ukafika kwenye chumba kilichosimama peke yake katikati ya bustani. Hapo ikabidi aupandishe juu ya bati na kuushusha upande wa pili.

Mwenye chumba alisikia uzi ukikwaruza bati, akatoka na mswaki mdomoni. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kanga kifuani, ndala za rangi mbili tofauti. Watoto wa nyumba zote mbili za pale walimwita Shangazi, na kwa kuwa hakuna watu wengine waliomwita mara nyingi kama wao, jina likabaki hilo, hata kwa kaka zake. Aliutazama uzi ulivyopita juu ya paa lake. Akatema povu pembeni.

"Fundi, una nyuzi ngapi?"

"Mmoja, Shangazi."

"Kugawa vipande viwili, uzi mmoja unatosha. Vitatu vinataka nyuzi mbili. Nilitaka tu kujua kama umekuja na wa pili."

"Mimi nimeambiwa wawili."

"Haya," alisema, akarudi ndani kusukutua.

Kiwanja kilikuwa cha mama yao. Kaka mkubwa alijenga nyumba upande wa kushoto, kaka mdogo akajenga kulia, na katikati ikabaki bustani na kile chumba cha mama. Humo Shangazi, ambaye kwa kuzaliwa ni wa kati, alimuuguza mama yao miaka sita, akimgeuza kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Mama alisema mara nyingi, na kwa sauti kubwa, kwamba bustani ni ya watoto wote watatu na chumba ni cha binti yake. Mkubwa na Mdogo hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote tangu wanyonye, lakini mama alipozikwa walikubaliana kwamba mgonjwa husema mengi. Wakakubaliana pia kwamba uzio upite katikati, na chumba kibomolewe mwisho wa mwezi, nusu ya nafasi yake iende huku na nusu iende kule.

Shangazi alitaka vitu viwili tu. Alitaka chumba kibaki, na mbele yake pabaki mahali pa kufunga kamba ya kuanikia nguo. Alikuwa amesema hivyo mara tatu. Mara zote tatu aliambiwa tutaongea.

Fundi aliyasikia hayo yote siku hiyohiyo ya kwanza, maana mtu akiwa shimoni na mtaimbo wenzake husahau kwamba ana masikio. Aliona hayamhusu. Yeye alikuwa mtu wa sentimita: shimo sentimita sitini kwenda chini, nguzo kwa nguzo mita moja na themanini, nguzo inyooshwe kwa pima maji pande mbili kabla zege halijashika. Mstari wa nguzo uliishia kwenye ukuta wa chumba upande wa barabara na ukaanza tena kwenye ukuta wake wa nyuma. Paneli mbili za kuziba pengo aliziegemeza pembeni zingoje mwisho wa mwezi.

Sasa, paneli ya mbao ina uso na ina mgongo. Uso ni ule upande laini, mbao zimesimama wima zimebanana vizuri. Mgongo ni upande wenye mapapi, yaani vile vipande vitatu vya mbao vilivyolazwa kushikilia vingine, na vichwa vya misumari vinavyokukodolea macho. Kwa mafundi wa kazi hii ni adabu kwamba mwenye uzio huangalia mgongo na jirani hupewa uso. Lakini hapa kila mmoja alikuwa mwenye uzio na kila mmoja alikuwa jirani, kwa hiyo maneno yalianza kabla zege halijakauka.

"Uso uje kwangu," alisema Mkubwa. "Mimi nimezaliwa kwanza."

"Ungezaliwa wa mwisho ungesema uje kwako kwa sababu wewe ni wa mwisho," alisema Mdogo. "Fundi nimemtafuta mimi."

Fundi alipendekeza zipishane, paneli moja uso kushoto, inayofuata uso kulia. Walilitafuna wazo hilo nusu saa, kila mmoja akitafuta mtego uko wapi, na Mdogo ndiye aliyeuona kwanza: paneli, bila zile mbili za pengo, zilikuwa kumi na moja. Kumi na moja ukigawa kwa mbili inabaki moja. Uso wa hiyo moja ni wa nani? Waliligombania hilo Jumanne yote. Shangazi, aliyekuwa anaanika shuka karibu yao, alisema kwamba ikiwa inawasumbua sana, hiyo inayobaki anaweza kuichukua yeye. Hakuna aliyemjibu. Jioni Mkubwa akapewa uso wa ziada na Mdogo akapewa bomba la bustani, na kila mmoja akaenda kulala akiamini kwamba amepunjwa.

Alhamisi mchana fundi alizitumbukiza paneli kwenye mifereji ya nguzo, ile mikato ya ubavuni, akitangaza kila moja ili wote wawili wasikie. "Uso kwa Mkubwa! Uso kwa Mdogo!" Walisimama kila mtu upande wake, mikono nyuma, midomo ikihesabu kimyakimya. Saa kumi na moja jioni paneli ya mwisho iliingia, na wakaanza kukagua walichopata.

Mkubwa alihesabu migongo kumi na moja. Mdogo, upande wa pili, alihesabu migongo kumi na moja.

"Fundi," aliita Mkubwa kwa sauti ya upole ambayo si ya upole, "hebu njoo unionyeshe uso wangu hata mmoja."

"Usimwite huko!" Mdogo alipaza sauti kutoka kwake. "Aje kwanza huku anieleze kwa nini zote amekugeuzia wewe."

Mkubwa alitoka kwenye lango lake, akazunguka barabarani, akaingia kwa mdogo wake bila hodi. Akaona mapapi, matatu kila paneli, mwanzo mpaka mwisho. Alisema zimegeuzwa yeye akiwa njiani. Mdogo naye alizunguka akaona mapapi, akasema hivyohivyo. Baadaye waliondoka kwa wakati mmoja wakakutana barabarani mbele ya ukuta.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mkubwa.

"Unakotoka," alijibu Mdogo.

Wakapishana, kila mmoja akigeuka nyuma kumwangalia mwenzake mikono.

Ijumaa ilikuwa siku ya ulinzi. Mkubwa alichora alama za mkaa kwenye kila paneli, akaketi mbele yake kwa kiti na redio. Mdogo alipiga picha kumi na moja kwa simu, na picha zilionyesha mapapi. Kisha akapanda stuli achungulie, akakuta kaka yake naye kapanda kiti. Walitazamana juu ya uzio, pua kwa pua. Mdogo akasema alikuwa anaangalia hali ya hewa.

Fundi hakubabaika. Alikwisha kuona mbao mbichi zikijipinda, zikilia, zikitoa utomvu kwenye rangi ya siku tatu. Aliichomoa paneli ya tatu, akailaza kwenye nyasi. Ilikuwa na uso mmoja na mgongo mmoja, kama ilivyotoka dukani. Aliirudisha kwenye mfereji, ikawa na migongo miwili. Aliipima unene kwa tepu: sentimita nne ikiwa chini, sentimita nne ikiwa juu. Aliandika vipimo hivyo kwenye boksi la misumari, akampigia simu muuza mbao.

"Paneli zako zina migongo mingapi?"

"Mmoja mmoja, kama kawaida," alisema muuza mbao. "Kwani umeziweka kati ya nani na nani?"

"Ndugu wawili."

"Wawili tu?"

Fundi alisema simu inakatikakatika, akaikata.

Jumamosi asubuhi Shangazi alimletea kikombe cha chai, akasimama kuutazama uzio, mkono kiunoni.

"Lakini kazi umeifanya vizuri," alisema. "Sijui wanagombania nini. Uso mtupu."

"Upande huu?"

"Na ule. Nauona dirishani."

Fundi aliweka kikombe kwenye nyasi. Alimwomba aweke kiganja juu kabisa ya paneli na akiteremshe mpaka chini. Yeye akaweka chake sentimita kumi pembeni, wakateremsha pamoja. Mkono wa Shangazi ulikuwa umekauka kwa sabuni ya miaka, na ulishuka moja kwa moja, kama mtu anayefuta meza. Mkono wa fundi ulijikwaa kwenye papi la kwanza, ukajikwaa kwenye la pili, ukajikwaa kwenye la tatu. Walirudia kwenye paneli nne.

"Mbona wewe unarukaruka?" aliuliza Shangazi.

"Mimi nina mapapi."

Shangazi alikitazama kiganja chake. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani, huku machozi yamemlenga. "Kumbe mbao zimehesabu," alisema. "Zimehesabu watu zikaona tuko watatu." Alifuta macho kwa ncha ya kanga, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alionekana mtu mwenye furaha.

Fundi aliwaita ndugu wote wawili barabarani, maana hakuna aliyekubali kwenda kwa mwenzake. Aliwaambia kwamba dada yao anaona uso, pande zote mbili.

"Umempa nini huyu ili aseme hivyo?" Mkubwa alimuuliza Mdogo.

"Wewe ndiye uliyemnunua," alisema Mdogo. "Jana nimekuona unampa chumvi."

"Alikuja kuazima!"

Fundi alikohoa. "Mimi nadhani ni kwa sababu nyinyi mko watatu."

Gari lilipita, likapita jingine.

"Fundi," alisema Mkubwa, "tumekuita kujenga uzio au kugawa urithi?"

"Kujenga uzio."

"Basi."

Hilo walikubaliana, Mkubwa na Mdogo, hata wakatikisa vichwa pamoja. Fundi alitazama buti zake. Jumatatu alikuwa na kazi nyingine, uzio wa mita sitini, na hangeweza kufungasha vifaa mpaka wote wawili waseme wameipokea kazi. Hicho ndicho alichokuwa anakifikiria pale barabarani, na alijua kwamba ndicho.

Wakaenda wote kwa Shangazi. Walimkuta amekaa mlangoni anachambua mchele, naye hakuinuka.

"Tunataka utuangalizie uzio," alisema Mdogo. "Useme ukweli wa Mungu, hakuna upendeleo."

"Nitauangalia. Lakini chumba changu kibaki, na kamba yangu ya nguo ibaki."

"Tutaongea," walisema wote wawili kwa mkupuo mmoja.

"Lini?"

"Ukishaangalia."

Shangazi alimgeukia fundi. "Umesikia, fundi?"

"Nimesikia."

Akaweka ungo chini, akakung'uta kanga, akaenda kusimama mbele ya paneli ya kwanza upande wa Mkubwa. "Uso," alisema. Akasogea ya pili. "Uso." Alisema hivyo mara kumi na moja, bila haraka, Mkubwa nyuma yake akihesabu kwa vidole na kukosa kimoja. Kisha akatoka langoni, akazunguka barabarani, akaingia upande wa Mdogo, akasema hivyo mara kumi na moja. Mdogo aliuliza kama uso wa kwake ni laini kuliko wa Mkubwa. Shangazi akasema ni sawasawa. Mdogo aliuliza tena kwa sauti ya chini, akidhani labda mara ya kwanza dada yake aliona haya kusema. Akasema ni sawasawa.

Nyuso za wanaume hao zilifunguka kama za watu waliotua mzigo. Walikuwa bado wanaona mapapi, lakini sasa kila mmoja alijua kwamba mbele yake, kwa hakika, pana uso. Wakampa fundi mkono. Wakasema kazi nzuri, wameipokea.

Saa nane mchana walimwita Shangazi pale kwenye bomba.

"Tumeongea," alisema Mkubwa.

"Mmeonaje?"

"Tumeona hapana."

Shangazi alifunga kanga yake upya. Alimwangalia fundi, aliyekuwa amechuchumaa akizungusha uzi wake wa buluu kwenye kijiti.

"Fundi, wewe ulisikia."

"Nilisikia, Shangazi. Walisema wataongea."

Na kweli walikuwa wameongea. Aliwaona mwenyewe, karibu na kitanda cha maua, dakika tatu hivi.

Mwisho wa mwezi chumba kilibomolewa asubuhi moja. Fundi alirudi kuchimba shimo la nguzo ya kumi na nne pale palipokuwa na miguu ya kitanda, akatumbukiza zile paneli mbili zilizokuwa zinangoja. Shangazi alikwishahama. Alibeba godoro, beseni, kiti cha mama na kamba ya nguo, akapanga chumba nyuma ya gereji ya matairi, mtaa wa tatu kutoka pale, ambako wapangaji saba wanaanika kwa zamu. Mkubwa alihesabu migongo kumi na mitatu. Mdogo alihesabu migongo kumi na mitatu. Hawakumlaumu fundi, walishazoea.

Tatizo ni kwamba hawakulala vizuri. Uso usiouona unaweza kuondoka bila wewe kujua. Wiki ya kwanza Mkubwa alimpigia dada yake simu, akajificha bafuni ili asisikike ng'ambo.

"Niambie kweli. Kwangu bado ni uso?"

"Sijui," alisema Shangazi. "Mpaka nione."

Dakika kumi baadaye Mdogo alipiga, naye kutoka bafuni kwake, akajibiwa hivyohivyo.

Tangu hapo Shangazi huja kila Jumamosi saa nne. Hufunguliwa lango la kushoto, husema uso mara kumi na tatu, huzunguka barabarani, hufunguliwa lango la kulia, husema uso mara kumi na tatu. Kisha huomba chai na stuli. Stuli huiweka pale palipokuwa na chumba, wiki hii upande wa Mkubwa, wiki ijayo upande wa Mdogo, anakunywa taratibu sana kwa mtu ambaye chai yake imekwishapoa. Hakuna anayethubutu kumharakisha. Mkubwa anadhani kwa Mdogo hukaa zaidi, kwa hiyo amenunua saa ya mkononi yenye kuhesabu sekunde. Mdogo anadhani sukari ya Mkubwa ni nyingi. Kila mmoja humsindikiza hadi langoni na kumuuliza kwa kunong'ona kama yule mwingine kweli ana uso. Shangazi hujibu kwamba hilo amwulize mwenyewe. Halafu hutoka, na lango hufungwa nyuma yake kwa komeo.

Baada ya mvua za kwanza nguzo ya tisa iliinama kidogo, wakamwita fundi ainyooshe. Alifika Jumamosi, saa nne kasoro. Shangazi alikuwa amekwishafika, amesimama nje ya lango la kushoto akingoja kufunguliwa, ndala zake bado za rangi mbili. Fundi alimsalimia, akauliza habari za huko gereji. Shangazi akasema nzuri, zamu yake ya kuanika ni Jumatano.

"Fundi, siku hizi una nyuzi ngapi?"

"Mbili," alisema, na ilikuwa kweli. Aliutoa wa pili mfukoni amwonyeshe. Ulikuwa mwekundu, umekunjwa vizuri ndani ya karatasi yake ya dukani.

"Umewahi kuufungua?"

"Bado."

Shangazi aliugeuzageuza kiganjani, akamrudishia. Komeo likafunguliwa. Mkubwa alikuwa langoni na saa yake, na Shangazi akapita mbele yake, akaenda kusimama kwenye paneli ya kwanza, akasema, "Uso."